Namna ya Kukoka Moto Msituni Wakati wa Mvua

(Hotuba hii ilitolewa mbele ya vijana wa skauti, wachungaji, na watu wakaao kando ya msitu, kabla ya majira ya masika. Tunaichapa hapa kwa faida ya wasomaji wetu wote.)



Jambo ninalotaka kusema nanyi leo laonekana kuwa dogo. Wengi wetu tumekulia kando ya mafiga, na ni wachache miongoni mwetu wasiojua kuwasha moto jikoni. Lakini moto wa jikoni ni moto uliokwisha andaliwa: kuni zimekaushwa, paa liko juu, na makaa ya jana yamefunikwa kwa majivu. Moto nitakaousema ni wa namna nyingine. Ni moto wa mtu aliyenyeshewa msituni, jua limekwisha kuchwa, naye ana kiberiti kimoja mfukoni, na kila kitu akishikacho chavuja maji. Mtu huyo akiijua kazi yake, atakaa salama hata asubuhi. Asipoijua, atazimaliza njiti zake zote kwa muda mfupi, kisha atabaki gizani akitetemeka.

Neno langu kuu ni hili, nami naomba mlishike: moto wa siku ya mvua hauletwi na kiberiti, huletwa na maandalio. Tena, hata siku ya mvua kubwa, msitu haukosi kitu kikavu. Kimefichwa tu, nacho humngoja mwenye subira ya kukitafuta.

BARIDI HUUA

Watu wengi hudhani ya kuwa nchi yetu, kwa sababu imepitiwa na mstari wa ikweta, haina baridi ya kuua. Sivyo. Kwa kila mita 1,000 mtu apandazo, joto la hewa hupungua kwa digrii 6 hivi. Mlima Kenya una mita 5,199, na milima ya Nyandarua, ambayo pia huitwa Aberdare, yafika mita 4,000. Basi mchungaji aliyetoka kwake mchana kumfuata mtamba aliyepotea, akapanda hadi kwenye mianzi na ukungu, aweza kujikuta usiku mahali ambapo baridi yakaribia ile ya barafu, naye hana vazi ila shati lililolowa.

Mwili wa mtu mzima wa afya una joto la digrii 37 hivi. Likishuka chini ya 35, hatari imeingia. Nguo iliyolowa huondoa joto la mwili upesi sana kuliko nguo kavu, na upepo huzidisha hasara hiyo. Dalili zake ni hizi. Kwanza mtu hutetemeka kwa nguvu. Kisha vidole vyake havimtii. Hawezi kufunga kifungo wala kushika njiti. Baadaye maneno yake huwa mazito kama ya mlevi, na miguu yake hujikwaa. Mwisho huacha kutetemeka. Wenzake wasiojua hufurahi na kusema, "Sasa amepata nafuu." Kumbe hiyo si nafuu, mwili umeshindwa kujipasha moto, na mtu yu karibu na kufa. Jambo baya zaidi ni kwamba akili yake nayo imepoa, hata yeye mwenyewe hatambui kwamba ameharibikiwa.

Kwa sababu hiyo twapaswa kufuata utaratibu. La kwanza ni kujikinga na mvua na upepo, iwe chini ya mwamba, au nyuma ya gogo kubwa, au chini ya turubai. La pili ni kuvua nguo zilizolowa na kuvaa kavu, kama zipo. Na kama hazipo, kuzikamua sana kabla ya kuzivaa tena. La tatu ndilo moto. Wala msingoje mpaka mikono ife ganzi ndipo mwanze kutafuta kuni. Wakati wa kukoka moto ni pale ambapo mtu bado aweza kufunga vifungo vyake mwenyewe.

KULOWA KWA NAMNA MBILI

Kabla ya kueleza mahali pa kutafuta kuni, yafaa tufahamu kwa nini kuni zenye maji hazishiki moto. Ukuni ukipata joto jingi hutoa gesi, na gesi hiyo ndiyo iwakayo tuionayo kama ulimi wa moto. Lakini maadamu yamo maji ndani ya ukuni, joto hutumika kwanza kuyageuza maji hayo kuwa mvuke. Na kazi hiyo ni kubwa kuliko tunavyofikiri. Joto la kugeuza lita moja ya maji yanayochemka kuwa mvuke lingetosha kuchemsha lita 5 nzima za maji baridi kama barafu. Sasa jiulizeni: njiti moja ya kiberiti itaiweza wapi kazi hiyo?

Lakini kuna kulowa kwa namna mbili, na mwenye kuzijua namna hizi amekwisha pata nusu ya moto wake. Mti hai uliokatwa leo una maji mwilini mwake. Karibu nusu ya uzito wake yaweza kuwa maji. Huo umelowa ndani, hata kama siku ni ya jua kali. Lakini tawi lililokufa zamani, likiwa lingali limening'inia juu ya mti, mvua ya siku moja huligusa ngozi tu. Nje laonekana limelowa kabisa, bali ndani ni kavu. Basi afadhali tawi lililokufa siku ya mvua kuliko mti hai siku ya jua.

Namna ya kuyatambua ni rahisi. Livunjeni tawi. Likikatika kwa mlio mkali, ni kavu ndani. Likipindika, au likikatika kimya kimya, liacheni. Wala msiokote kuni zilizolala chini, kwa maana ardhi huzinywesha maji toka chini kama vile mvua izinyweshavyo toka juu. Tafuteni zilizosimama, zilizoegemea, na zilizoning'inia.

MAHALI PA KUTAFUTA KITU KIKAVU

Kila moto huanza kwa kitu laini, chembamba na kikavu, ambacho njiti moja yaweza kukiwasha. Hapa tutakiita kishika-moto. Kila sehemu ya nchi yetu ina vishika-moto vyake.

Katika misitu ya milimani, mkubwa wao ni mwerezi, ambao wengi wenu mwauita mtarakwa. Mti huu mwajua jinsi usivyooza upesi, wala mchwa hawaupendi. Ndiyo sababu nguzo zake za ua husimama miaka mingi. Gome lake ni la nyuzi nyuzi. Waogiek wa msitu wa Mau tangu zamani huchonga mizinga ya nyuki kwa mwerezi na kuifunika kwa magome yake ili mvua isiingie. Basi gome lenye nguvu ya kuilinda asali na mvua ndilo litakalotufaa sisi. Chukueni gome la mwerezi uliokufa, ondoeni tabaka la nje lililolowa, kisha ulisugueni lile la ndani baina ya viganja mpaka liwe laini kama pamba. Hilo hushika moto hata kwa cheche ndogo. Lakini msimchune mwerezi aliye hai. Hukua polepole sana, na mti uliochunwa gome pande zote hufa.

Mkiingia katika mianzi, tafuteni mwanzi uliokufa ukiwa umesimama. Ondoeni kwa kisu ngozi yake ya nje, kisha upareni polepole mpaka mpate nyuzi nyembamba. Ila jihadharini na jambo moja: mwanzi usiopasuliwa, hewa iliyomo kati ya vifundo vyake hupata joto na kuupasua kwa mshindo, na vipande vyaweza kumrukia mtu machoni. Upasueni kwanza, ndipo muutie motoni.

Katika mashamba ya miti ya paini, tafuteni utomvu. Mahali mti ulipojeruhiwa, au shina la tawi lililokufa, utomvu hukusanyika na kuganda, na ukuni wake huwa wa rangi nyekundu na harufu kali. Vipande vya ukuni huo huwaka kama mshumaa, wala maji ya mvua hayauzimi upesi.

Zile ndevu za kijani zinazoning'inia juu ya miti ya milimani, ambazo watu hupenda kuziokota, ni nzuri sana zikiwa kavu. Lakini mjue ya kuwa hunywa ukungu upesi. Siku ya mvua hazifai kitu, mpaka ziwe zimekaa muda ndani ya shati, karibu na mwili.

Huko juu zaidi, palipo na ile miti mifupi minene yenye majani makubwa juu ya shina, mtaona majani makavu yaliyofunika shina kama blanketi. Tafadhali msiyaguse. Majani hayo ndiyo nguo ya mti ule. Huulinda na baridi ya usiku, na ukivuliwa huweza kufa. Miti ya namna hiyo haipatikani duniani ila katika milima mirefu ya Afrika ya Mashariki na jirani zake. Si haki kuiua kwa ajili ya chai ya dakika kumi.

Katika nchi tambarare za mifugo, mavi makavu ya ng'ombe au ya ndovu ni rafiki mwema. Hayatoi ndimi kubwa za moto, bali yakishika hukaa na moto muda mrefu bila kuzimika. Lipindueni fungu lililolala, mpasue ndani. Mara nyingi moyo wake ni mkavu hata baada ya mvua.

Na kwa wenzetu wa pwani, mnazi hauwaachi. Makumbi ya nazi yaliyochambuliwa, na kile kilifu kinachofunika shina la makuti machanga, vyote hushika moto vizuri vikiwa vikavu. Makumbi yaliyolala chini huwa yamelowa nje. Yapasueni mtoe nyuzi za ndani.

Popote mlipo, yako maficho ambayo mvua haifiki: chini ya mwamba uliojitokeza, ndani ya mti wenye tundu, upande wa chini wa gogo lililoegemea, na katikati ya kichaka cha majani kilichosongamana. Hata kiota cha ndege kilichoachwa zamani ni kishika-moto kizuri, mradi mhakikishe hakina mayai wala makinda.

MAANDALIO

Sasa nimefika penye shina la maneno yangu. Watu wengi hushindwa kwa sababu ya pupa. Mtu hupata konzi moja ya majani makavu, huona furaha, huyawasha mara moja. Yanawaka vizuri kwa muda mfupi, naye anakimbia huku na huku kutafuta vijiti. Akirudi, hakuna kitu ila moshi. Kisha huilaumu mvua. Lakini si mvua iliyomshinda.

Bwana Baden-Powell, aliyeanzisha chama cha skauti, alikaa Nyeri miaka ya mwisho ya maisha yake, akafa mwezi wa Januari 1941, akazikwa huko. Katika majaribio ya zamani ya skauti, kijana alitakiwa kukoka moto nje kwa njiti zisizozidi mbili. Wengine walidhani jaribio hilo ni la kuonyesha ustadi wa kushika kiberiti. Mimi naona maana yake ni nyingine: mtu mwenye njiti mbili tu hana budi kuandaa kila kitu kwanza.

Basi kabla ya kuwasha, wekeni kando yenu, chini ya kifuniko, mafungu manne.

Fungu la kwanza ni kishika-moto, kiasi cha kujaza kofia.

Fungu la pili ni vijiti vyembamba kama njiti za kiberiti, tita la kushikwa kwa mikono miwili. Hili ndilo fungu ambalo watu hulipuuza, na ndilo liokoalo. Kijiti chembamba kina maji machache, tena joto hukizunguka pande zote. Kwa hiyo hukauka na kuwaka upesi.

Fungu la tatu ni vijiti vya unene wa kalamu ya risasi, matita mawili.

Fungu la nne ni kuni za unene wa kidole gumba na kuzidi, nyingi kadiri mwezavyo.

Mkiwa na panga au kisu, pasueni kuni nene katikati. Ngozi iliyolowa mtaiondoa, na moyo mkavu utaonekana. Tena yafaa kuchukua vijiti vitano au sita vya moyo huo, mkaparue kila kimoja kwa kisu bila kuyakata kabisa yale maganda membamba, hata kijiti kisimame na manyoya yake yaliyojipinda kama jogoo aliyekasirika. Kijiti cha namna hiyo ni kishika-moto na ukuni kwa wakati mmoja. Kateni mkielekeza kisu mbali na mwili, wala msiweke ukuni juu ya paja.

Kazi hii yote yaweza kuchukua nusu saa au kupita. Msione ni kupoteza wakati. Mwili nao hupata joto kwa kufanya kazi. Haba na haba hujaza kibaba.

KUWASHA

Chagueni mahali palipoinuka kidogo, pasipopitiwa na maji ya mvua, tena pasipo matawi mengi juu. Fagieni majani yaliyooza mpaka mfike kwenye udongo wenyewe. Kisha tandikeni vijiti vinene vilivyolala pamoja kama kitanda, au mawe makavu, ili moto usikae juu ya matope. Msitumie mawe ya mtoni. Huenda yamenywa maji, na yakipata joto hupasuka.

Wekeni ukuni mmoja mnene upande utokako upepo. Kishika-moto kiwekwe nyuma yake, na vijiti vya fungu la pili viegemezwe juu ya ukuni huo, vilale juu ya kishika-moto bila kukigandamiza. Moto wahitaji hewa kama sisi tuihitajivyo, ukisongwa, hufa.

Mmoja na asimame akiwakinga kwa koti, au kwa jani la mgomba, mvua isianguke juu. Mwingine na apige magoti, aipe mvua mgongo, awashe kishika-moto upande wa chini kule utokako upepo. Ulimi wa moto hupanda juu siku zote; mwenye kuwasha juu huwasha bure. Msiupulize mara moja. Uacheni ushike, kisha upulizeni polepole, kwa pumzi ndefu nyembamba, chini kabisa. Moshi mweupe mwingi si wa kuwavunja moyo. Hayo ni maji yanayotoka.

Vijiti vya kwanza vikishika, ongezeni vingine vya namna hiyo hiyo. Msirukie kuni nene. Mpaka mlisikie fungu la pili likilia na ndimi zake zikipita urefu wa mkono, ndipo mlete la tatu. Na la tatu likiwa makaa, ndipo mlete la nne. Zile kuni zilizolowa zipangeni kando kuuzunguka moto, zikauke huku zikingoja zamu yao. Kwa njia hiyo moto wenyewe hujiandalia chakula chake, na usiku kucha hamtapungukiwa.

WAZEE WETU NA MOTO WA KUPEKECHA

Vijana hupenda kuniuliza: je, bila kiberiti? Wazee wetu walipekecha moto kwa kijiti kigumu na ubao laini, na wako wanaojua hata leo. Heshima ya kazi hiyo ilikuwa kubwa. Kwa Wamasai, wazee wanaowalea vijana wa rika jipya huitwa ol-piron, jina la kile kijiti cha kupekechea moto. Lakini wazee walijua pia ya kuwa mbao za kupekechea zikilowa hazitoi moto. Kwa hiyo walizihifadhi mahali pakavu, na kila walipoweza walihifadhi moto wenyewe, wakafunika makaa kwa majivu usiku, wakabeba kijinga walipohama. Hawakungoja mvua inyeshe ndipo watafute.

Nasi tuige hekima hiyo kwa vyombo vyetu vya leo. Kiberiti na kitiwe ndani ya chupa ndogo yenye kifuniko kinachobana. Vichwa vya njiti vyaweza kuchovywa katika nta ya mshumaa, na nta hiyo hukwanguliwa wakati wa kuwasha. Kipande cha mshumaa, urefu wa kidole, ni mali kubwa, kwa maana huwaka muda mrefu kuliko njiti mia. Na mnapopita mahali pakavu njiani, okoteni kishika-moto mkitie kifuani, hata kama jua lawaka. Akiba haiozi.

MAMBO YA KUEPUKWA

La kwanza, msimwage petroli wala mafuta ya taa juu ya moto unaofuka. Mvuke wake hushika kwa ghafula na kumrudia mwenye kumwaga.

La pili, msiwashe moto kwa plastiki. Moshi wake una sumu. Mifuko ya plastiki ya kubebea vitu ilikatazwa katika Kenya mwaka 2017, na mabaki yake yasigeuzwe kuni.

La tatu, jihadharini na miti yenye sumu. Utomvu mweupe wa mtupa hudhuru macho. Na ule mti utumiwao kwa sumu ya mishale, ambao wengine huuita msunguti, msiuchonge kuwa kijiti cha kuchomea nyama.

La nne, nalo ni kubwa kuliko yote. Msiingize jiko la makaa ndani ya hema au nyumba iliyofungwa, hata baridi iwe kali namna gani. Makaa yanayowaka hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Mtu hulala, wala haamki. Watu waliookoka mvua wameuawa na jiko. Moto na ukae nje, ninyi mkae mahali penye kupita hewa.

Na kama mwenzenu amepatwa na baridi kali, msimsugue mikono na miguu, wala msimpe pombe. Mvueni nguo zilizolowa, mfunikeni kwa kavu, mkingeni na ardhi ya baridi kwa kutandika majani, na mmoja alale karibu naye ampe joto lake. Akiwa macho na aweza kumeza, mpeni kinywaji cha moto chenye sukari. Kisha tafuteni msaada.

KUZIMA

Mwisho, mwenye kukoka moto ndiye mwenye deni la kuuzima. Mwezi wa Machi 2012 moto uliteketeza sehemu kubwa ya nyasi na misitu ya Mlima Kenya, huko zitokako chemchemi za mito inayonywesha mashamba na miji yetu. Msidhani kwamba majira ya mvua ni salama kabisa. Moto huweza kuingia katika mizizi na katika udongo wa majani yaliyooza, ukafuka chini siku nyingi, kisha ukatoka wakati nchi imekauka.

Kwa hiyo, kabla ya kuondoka mwageni maji, korogeni majivu kwa kijiti, mwageni tena. Kisha pelekeni mgongo wa mkono karibu na majivu. Ukisikia joto, kazi haijaisha. Na popote penye amri ya kukataza moto, iwe ni msitu wa akiba au mbuga ya taifa, ulizeni askari wa hapo kwanza, na fuateni neno lake. Moto wa kuokoa roho ni jambo moja. Moto wa starehe ni jambo jingine.

Ndugu zangu, maneno hayamfundishi mtu kukoka moto. Hayo nimesema ni njia tu. Nendeni nyumbani, mngoje siku ya mvua, na badala ya kukaa ndani mkiitazama dirishani, tokeni na watoto wenu nyuma ya nyumba, mkiwa na njiti mbili tu. Mtashindwa mara ya kwanza, na pengine ya pili. Hapo hasara ni ndogo, kwa kuwa mlango wenu u wazi na chai i jikoni. Shindweni huko, ili siku ile mtakapokuwa mlimani, na mtoto wa mwenzenu anatetemeka kando yenu, msishindwe.